Krismasi nayo ichangiwe

Msiba ukitokea Mbagala, Tabata au Kimara, kabla jua halijazama majamvi yameshatandikwa, sufuria kubwa zimeshatolewa kwa majirani na mtu ameshakaa mlangoni na daftari la rambirambi. Anayekuja na kilo mbili za mchele haoni haya, na anayekuja mikono mitupu anaingia jikoni kumenya vitunguu. Harusi ndiyo usiseme: kuna kamati, kuna kadi za mchango, kuna kundi la WhatsApp la kukukumbusha ahadi yako mpaka uitimize. Lakini ikifika tarehe 25 Desemba, watu hao hao wanakwenda kula kwa ndugu mmoja na kumwachia gharama yote peke yake. Naye, wakimpigia simu kuuliza waje na nini, anawajibu, "Njooni tu, msijali."

Jibu hilo linatoka moyoni, ila malipo yake yanamsubiri Januari. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Mwenye watoto shule binafsi ana ada juu ya hayo. Wapangaji wengi wa Dar es Salaam wanalipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na wengine mkupuo wao unaangukia mwanzo wa mwaka. Wapo wanaoingia mwezi huo na mkopo wa simu, riba inakimbia, kwa sababu ya mlo wa mchana mmoja. Inaniuma kila nikilisikia hilo, maana mlo wenyewe haukuwa na sababu ya kuwa ghali kiasi hicho.

Mwenye nyumba akikaa na kalamu akaorodhesha matumizi ya siku ile, atashangaa. Mchele na nyama si vitu vilivyomfilisi. Pesa imekwenda kwenye soda za kopo, maji ya chupa ndogondogo, keki ya oda, sahani za kutupa na viti vya kukodi. Imekwenda pia kwa bodaboda aliyetumwa mara nne asubuhi ile: kwanza ndimu, kisha mkaa, halafu chumvi, mwisho barafu. Tena vitu vya asubuhi ya sikukuu vinauzwa kwa bei ya asubuhi ya sikukuu. Muuza nyanya naye ana watoto, naye anataka wavae.

Kwa hiyo sikukuu ya nafuu inaanza mapema, na inaanzia kwenye mchele. Mpunga wetu mwingi unavunwa kati ya Mei na Agosti, na bei yake kwa kawaida hupanda kadiri ghala zinavyopungua. Anayenunua kilo moja moja ya ziada kuanzia Agosti, uwe mchele wa Kyela, wa Mbarali au wa Kahama, anafika Desemba akiwa na pilau yake ndani tayari. Uhifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na wengi huweka humo pilipili kavu au majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiingie. Kuna faida nyingine ambayo wapishi wa shughuli wanaijua: mchele uliokaa miezi kadhaa umekauka vizuri, hivyo pilau yake inachambuka, wakati mchele mpya unagandamana hata ukipimiwa maji kwa uangalifu.

Viungo navyo vinunuliwe mapema, vikiwa vizima. Binzari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vya kupimiwa Kariakoo ni nafuu kuliko pakiti ya unga uliochanganywa kiwandani, na vinakaa miezi bila kupoteza nguvu. Usiku wa tarehe 24 mtu anavikaanga kidogo bila mafuta, anavitwanga kwenye kinu, na nyumba nzima inajua kesho ni siku gani.

Nije kwenye nyama, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Juzi kwenye bucha moja ya Buguruni nilikuwa nyuma ya mama mmoja wa makamo. Kijana wa bucha akamwuliza, "Mama, nikukatie steki? Sikukuu hii." Akajibiwa, "Hapana mwanangu. Nipe kilo mbili za mchanganyiko, mbavu ziwepo, na kilo moja ya mifupa. Ipasue vizuri, uboho uonekane." Kijana alicheka, akapasua. Mama yule alikuwa anajua kitu ambacho steki haiwezi kukupa: pilau inapata utamu kwenye supu, na supu inatoka kwenye mifupa.

Chukua watu 20, watoto wakiwamo. Kilo 3 za mchele zinawatosha ikiwa mezani kuna vitu vingine viwili vitatu. Nyama na mifupa vichemshwe pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka nyama ilainike, na supu yote itunzwe. Vitunguu maji viwe kilo nzima. Hapa naomba mpishi asiwe na haraka, kwa sababu rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Vikaangwe kwenye moto wa wastani, mwiko usitoke mkononi, mpaka viwe na kahawia ya maganda ya korosho. Vikiungua, pilau itakuwa chungu. Vikitolewa vingali vyeupe, itapauka, na hakuna binzari ya kuiokoa. Vikifika pale panapotakiwa, ingiza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha viungo, kisha nyama, kisha viazi mviringo vilivyokatwa nusu. Viazi hivi si vya kuficha uchache wa nyama. Vinanyonya supu na viungo mpaka ndani, na nimeona watoto wakigombea kiazi cha pilau huku nyama ikibaki kwenye sinia.

Mimina supu, kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele, na ikipungua ongeza maji ya moto. Ikichemka ingiza mchele uliooshwa. Supu ikikauka juu ya mchele, punguza moto chini, funika, na palia makaa juu ya mfuniko. Anayetumia gesi peke yake anakosa hatua hii. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye mtungi bado zina jiko la mkaa uani kwa ajili ya siku kama hii, na mkaa wa kazi hii ni kidogo tu. Ukifunua baada ya dakika ishirini, punje za juu zimeiva sawa na za chini.

Kuku ni wa heshima, na sisemi aondolewe. Wa kienyeji bei yake ni mara mbili ya broila au zaidi, kwa hiyo mmoja anatosha kama atakatwa vipande vidogo na kupikwa mchuzi mzito wa nazi. Kumchoma mzima na kumweka katikati ya meza kunawapa watu wanne paja na kidari, kumi na sita wanabaki kutazama. Ila mchuzi wa nazi upikwe mwisho na uliwe wote, kwa sababu kwa joto la Desemba la Dar es Salaam hauchukui muda kuchacha.

Na kuku huyo nani anamchinja? Mitaa yetu imechanganyika. Nyumba ya pili ni ya Waislamu, na siku ya Iddi sahani yao ya biriani iliingia kwako ikiwa imefunikwa kitambaa. Mpeleke kuku kwao asubuhi, baba wa nyumba au kijana wake amchinje, na jirani atakula kwako akiwa na amani. Kama kuna kitimoto, kiwe na jiko lake, sufuria yake na kisu chake, kipikwe upande mwingine, na jirani aambiwe wazi kipi ni kipi. Jambo hili halina gharama yoyote. Lakini nimeona jirani akikaa kwenye mkeka na glasi ya maji tu, akitabasamu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenyeji kuku amechinjwa na nani, na mwenyeji naye akidhani jirani ameshiba kwao. Mialiko ya namna hiyo inasikitisha kuliko kutokualikwa.

Vinywaji ndiyo sehemu rahisi ya kupunguza, na sijui kwa nini tunaisahau. Desemba ni msimu wa maembe, na mananasi ya Kiwangwa yanashushwa sokoni kwa malori. Nanasi likimenywa, maganda yake yaliyooshwa vizuri yachemshwe na tangawizi, yachujwe, yatiwe sukari, na hicho ni kinywaji kamili kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinakwenda kwenye pipa la taka. Nusu kilo ya ukwaju inatoa lita nne hadi tano. Ndoo moja ya juisi yenye barafu na kata ya kuchotea inahudumia watu wote, na kreti moja ya soda za chupa, 24 kwa hesabu, ikae kwa ajili ya watoto ambao kwao sikukuu bila soda si sikukuu. Anayetaka bia aje na bia yake.

Viti visikodiwe. Mikeka itandikwe uani au barazani, chakula kipakuliwe kwenye masinia, watu watano au sita kila sinia, watoto wapewe la kwao. Wazee wasioweza kukaa chini wawekewe viti vya ndani. Sinia linapunguza chakula kinachotupwa, maana watu wanaongezewa kadiri wanavyokula, wakati kwenye sahani binafsi mtu anajaza kwa macho halafu anaacha nusu. Kachumbari iwe nyingi, ndimu zisikosekane, na pilipili ya kusaga ikae kwenye bakuli lake mbali na watoto.

Narudi kwenye ile simu ya "tuje na nini?" Wiki ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajapanga safari zao za Moshi na Bukoba, mwenyeji awapigie yeye mwenyewe, na kila mmoja amtajie kitu. "Shikamoo shangazi. Krismasi mwaka huu tunakula kwangu, saa nane mchana. Naomba kachumbari iwe yako, ya watu 20." "Wifi, maandazi yako yale ya hiliki, tafadhali, na usiniambie huna muda." "Mdogo wangu, wewe ni kreti ya soda na barafu, na uje nazo kabla ya saa sita." Shangazi hatachukia. Atajiona ana nafasi katika mlo huo, na kachumbari atakayoleta itakuwa nzuri kuliko ambayo mwenyeji angekatakata huku anatazama saa.

Nashauri watu waombwe vitu na kazi. Pesa isiombwe. Mchango wa harusi umeanza kuwa na viwango, na kiwango kikishaingia, ndugu mwenye kidogo anaanza kutafuta sababu za kutokuja. Sinia la familia lisifike huko. Kilo moja ya sukari na kreti ya soda vinakaa jikoni pamoja, na mtu wa kuvipanga kwa bei hayupo.

Kazi nazo zigawanywe kwa kufuata ibada. Waliokwenda mkesha usiku wa tarehe 24 wapike asubuhi, wakati wenzao wako kanisani, na wanaotoka kanisani wapakue na kuosha vyombo. Mama wa nyumba, ambaye kwa miaka mingi amekula Krismasi akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, akae kwenye mkeka wakati sinia la kwanza linatoka. Nalisema hili kwa wanaume wa nyumba hasa, kwa sababu kuosha sufuria iliyoganda ukoko hakuhitaji mafunzo.

Kisha kuna yule ambaye mwaka haukuwa mwema kwake. Kila ukoo una mjomba au kaka aliyepoteza kazi, ambaye Krismasi iliyopita alisema ana malaria na kila mtu alijua hana nauli wala zawadi ya kuja nayo. Huyu asiachiwe mwaliko wa jumla wa kundi la simu. Apigiwe peke yake, mapema, na atumiwe nauli bila maelezo. Aambiwe ukweli kwamba sufuria ya kilo tatu za mchele pamoja na nyama na supu yake haiinuliwi kirahisi na mtu mmoja, kwamba jiko la mkaa linahitaji mtu anayejua kupalia, na kwamba anatakiwa uani saa mbili asubuhi, kabla vitunguu havijaingia kwenye mafuta.