Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Ndugu wasikilizaji, wahenga walituambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Msemo huu tunautumia sana, hasa tunapowapatanisha waliogombana. Lakini je, ikiwa yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe? Wapo watu ambao jambo lililowapata miaka 20 iliyopita bado huwaamsha usiku wa manane wakiwa wamelowa jasho. Mtu wa namna hiyo akiletewa kidonge na kuambiwa, "Meza hiki, kesho hutakumbuka lolote," atakimeza?

Swali hili si la kwenye hadithi peke yake. Wataalamu wamelishughulikia kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanafaa kufahamika.

Wengi wetu tunadhani kumbukumbu ni kama picha ndani ya albamu: unaifungua, unaitazama, unairudisha ilivyokuwa. Mwaka 2000 watafiti watatu wa New York, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, walionyesha kwamba sivyo. Waliwazoesha panya kusikia mlio fulani na papo hapo kupigwa na umeme kidogo, mpaka panya wakawa wakisikia ule mlio tu wanaganda kwa hofu. Siku nyingine wakawasikilizisha mlio ule ule, kisha wakawadunga dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini katika sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Baadaye panya hao waliposikia mlio, hofu yao ilikuwa imepungua sana. Lakini wale waliodungwa dawa bila kwanza kukumbushwa mlio, hofu yao ilibaki pale pale.

Maana yake ni kwamba tunapolikumbuka jambo, kumbukumbu inaweza kulainika kama nta iliyopitishwa motoni, na ubongo hulazimika kuigandisha upya. Kugandisha huko kukizuiwa, hairudi kama ilivyokuwa.

Mwaka 2009 Merel Kindt na wenzake wa Amsterdam walijaribu jambo hilo kwa binadamu. Walitumia propranololi, dawa ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu. Watu walionyeshwa picha ya buibui huku wakipigwa na umeme kidogo mkononi. Kesho yake wakapewa kidonge, kisha wakakumbushwa ile picha. Siku ya tatu miili yao haikushtuka tena. Lakini walijua vizuri kabisa kwamba picha ile ndiyo iliyokuwa ikifuatana na umeme.

Naomba tulishike hilo, kwani ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kilichoondolewa na dawa ile ni kushtuka. Nyoka bado anakumbukwa. Niongeze kwamba majaribio mengine yaliyofuata hayakupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo tusikimbilie duka la dawa. Propranololi inaweza kumdhuru vibaya mtu mwenye pumu, na si dawa ya kumeza bila daktari.

Watafiti wengine waliwauliza watu wa Marekani na New Zealand kama wangependa kupewa dawa ya kufifisha kumbukumbu baada ya kupatwa na jambo baya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wengi hawakuitaka. Kwa nini mtu akatae kupunguziwa mzigo? Nitajibu kwa kueleza la kwangu.

Nilipokuwa na miaka 11, mama alinituma dukani pamoja na mdogo wangu wa miaka 4. Akaniambia nisimwachie mkono. Njiani vijana walikuwa wakicheza mpira, nikasimama kutazama, na mkono nikauachia. Nilichosikia ni breki za lori. Mdogo wangu alinusurika, lakini mguu wake ulivunjika vibaya, na mpaka leo anachechemea. Nyumbani nilisema amenichoropoka mwenyewe. Likaaminiwa hilo, nami nikanyamaza kwa zaidi ya miaka 40. Hata sasa lori likifunga breki ghafla, moyo wangu huruka.

Mngeniletea kidonge wakati wowote katika miaka hiyo, ningekimeza bila maji.

Tulipokutana katika arobaini ya mama yetu, mdogo wangu aliniuliza ilikuwaje. Yeye hakumbuki chochote. Alikuwa mdogo mno. Mama amekwenda, na mtu pekee aliyebaki anayejua ni mimi. Nikamweleza yote. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe sikukuchoropoka, kaka. Maisha yangu yote nimeambiwa nilikuwa mtoto mtundu." Hasira alikuwa nayo, na haki ya kuwa nayo alikuwa nayo pia. Lakini siku ile nilitambua kwamba kumbukumbu niliyoitamani ifutwe haikuwa mali yangu peke yangu. Ilikuwa habari ya mguu wake, na mimi nilikuwa nimeikalia tu.

Hilo ni la nyumba moja. Tutazame la mataifa. Mwezi Januari 1997, mjini Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilianza kusikiliza kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba. Katika mashtaka yake halikuwamo la ubakaji. Kisha mama mmoja, katika kutoa ushahidi wake, akaeleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Shahidi mwingine naye akaeleza ya kwake. Mwezi Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Nani angethubutu kumlaumu mama yule kama angeomba asahau? Si mimi. Lakini kama angefutiwa, aliyemtendea ndiye angepata nafuu kubwa kuliko yeye.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, tutenganishe mambo mawili. Kung'oa mwiba ni tiba. Anayeteseka usiku ana haki ya kutibiwa, kwa dawa au kwa mazungumzo na mtaalamu, na asiambiwe avumilie tu kwa kuwa mwenzake alivumilia. Kufuta tukio lenyewe ni jambo jingine, kwa sababu katika tukio huwa yumo mtu mwingine: aliyeumizwa, aliyeumiza, au aliyekufa asiye na mwingine wa kumsemea.

Mimi kidonge cha kunyamazisha breki za lori ningekipokea hata leo. Cha kumsahaulisha mtoto niliyemwachia mkono, hapana. Mwenyewe ameshaniuliza, na huenda akaniuliza tena.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.