Rola za mashine za kuchapa: utafiti umeshika mpira usiofaa wino

Mwenye kiwanda cha uchapaji Kariakoo huitambua rola iliyokwisha hata kabla fundi hajaifungua. Rangi inafifia katikati ya ukurasa, maji hayatulii kwenye pleti, na rundo la karatasi zilizoharibika linazidi kupanda. Fundi akibonyeza mpira kwa ukucha, alama haibaki. Uso umekakamaa na unang'aa, kwa sababu chokaa ya karatasi na gundi ya pleti vimeziba vinyweleo vyake na wino hauna pa kushika.

Mashine nyingi za ofseti za Dar es Salaam na Nairobi zimeingia zikiwa zimeshatumika kwingine. Chuma cha rola hudumu miaka mingi, kinachochakaa ni mpira unaokifunika. Kuuvua na kuvisha mwingine ni kazi ya kuuivisha kwa mvuke na shinikizo, kisha kuusaga hadi unene ulingane ncha hadi ncha. Ndiyo kazi ambayo wachapaji wangependa ifanyike hapa, tena ifanyike vizuri.

Serikalini jibu linatolewa kwa wepesi unaotia shaka. Ofisa mmoja anayeshughulikia viwanda anasema mpira wa mashamba ya Muheza na Kilombero ukiongezewa thamani nchini, uagizaji wa rola utapungua sana. Alipoulizwa utapungua kwa kiasi gani, na rola hizo zitavishwa mpira wa aina gani, alirudi kwenye umuhimu wa utafiti wa mpira huo.

Aina ya mpira ndiyo kiini cha suala zima. Mpira wa miti ukikutana na mafuta huvimba, na wino wa kawaida wa ofseti umejaa mafuta. Rola za wino huvishwa naitraili, mpira unaotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na petroli. Anayechapa kwa wino unaokaushwa kwa mwanga wa UV huhitaji mpira mwingine, EPDM, ambao nao hauvumilii wino wa mafuta. Mpira wa Muheza una soko lake kwenye matairi na viatu. Kuutegemea kwenye chumba cha ofseti ni kupoteza fedha za umma.

Mfanyabiashara mmoja, mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, analisema hilo kwa uchungu. Anaitwa kwenye vikao vya wadau, anasaini mahudhurio, anasikiliza mada, lakini hajawahi kuulizwa anatumia wino gani. Aliwahi kupeleka rola zake zivishwe hapa hapa mjini. Zikarudi zikipendeza kwa macho, lakini alipozishusha kwenye pleti kupima mguso, mstari wa wino ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, wakati unatakiwa kuwa sawa, wa milimita chache tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakupewa karatasi ya vipimo. Ugumu wa rola mpya ya wino huwa takribani kati ya 25 na 40 kwa kipimo cha Shore A, na kifaa cha kuupimia hutosha kiganjani. Anachodai ni hicho tu: aliyemvishia rola apime, aandike, na aweke sahihi.

Sasa hutuma vyuma vyake India na kusubiri. Asiye na seti ya akiba husimamisha mashine, na ikiwa ni msimu wa vitabu vya shule na kalenda, mteja hamsubiri.

Upande wa vifungashio kuna matumaini kiasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, ilisukuma wengi kwenye karatasi, na mashine za flekso zinazochapa mifuko ya karatasi nazo zina rola zake. Ila rola ya anilox inayopima wino huvikwa seramiki na kuchongwa vishimo kwa leza. Hiyo bado iko mbali na uwezo wa karakana nyingi za hapa.

Huenda uvishaji wa rola za ofseti ukaimarika mapema zaidi, iwapo fedha za utafiti zitaelekezwa kwenye michanganyiko ya naitraili inayohimili joto la pwani, mashine za kusagia na upimaji. Uchapaji wa dijitali nao unakula kazi ndogo ndogo, hivyo mwekezaji anaweza kusita. Mfanyabiashara wetu anasema yuko tayari kutoa rola zake chakavu zifanyiwe majaribio, bila malipo, mradi arudishiwe na vipimo vyake.