Upepo wa Fizi na ndege wanaopita: swali la kuuliza kabla mitambo haijafika

BARAKA, Kivu Kusini – Jioni, ufuko wa Baraka unaanza kuwaka taa. Si taa za barabarani. Ni taa za wavuvi wanaotoka kwenda kutafuta ndakala, kila kundi na betri yake iliyochajiwa mchana kwa paneli ya jua. Mjini, jenereta zinanguruma mbele ya maduka, na mwenye simu iliyozimika anajua nyumba ya kuipeleka. Mazutu yakipanda bei, wengine wanazima mapema na kulala.

Katika hali hiyo, mtu akija na kusema kwamba upepo unaopiga Ubwari wakati wa kiangazi unaweza kugeuzwa umeme, nani atamuuliza habari za ndege? Nasema ndege wenye manyoya, si avion.

Swali hilo linaweza kuonekana la anasa. Lakini nchini Kenya, mitambo ya upepo imesimamishwa, imepelekwa mahakamani, na mradi mmoja ukafutwa kabisa, kwa sababu ya maswali ambayo hayakuulizwa mapema au hayakujibiwa vizuri. Na baadhi ya ndege wanaopita karibu na mitambo hiyo ndio wale wale wanaofika kwetu kila mwaka.

Mitambo mikubwa ya upepo, ile ambayo wengi wetu tunaiita eoliene, bado haijasimama katika RDC. Sababu si ngumu kuelewa. Sehemu kubwa ya bonde la mto Kongo ina upepo mdogo, na maji yapo tele: Inga peke yake inatajwa kuwa na uwezo wa kutoa zaidi ya megawati 40,000. Hata hapa kwetu, umeme unaojulikana ni wa maji. Kusini mwa Fizi, upande wa Tanganyika, kuna mtambo wa Bendera unaopeleka umeme Kalemie. Ni ule ule ambao wapiganaji wa Che Guevara, waliokuwa na kambi katika milima ya Fizi, waliushambulia mwezi wa sita 1965 na kushindwa.

Mashariki, hata hivyo, si sawa na bonde. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini-mashariki unasukuma ziwa Tanganyika, na kila mvuvi anajua siku ambazo mtumbwi haufai kutoka. Kutoka ziwani, kwenye mwinuko wa mita kama 770, ardhi inapanda hadi kupita mita 3,000 katika milima ya Itombwe. Pia sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia mlango watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Kampuni inaweza kufika wakati wowote na mlingoti wa kupima upepo, ikaomba kilima.

Mkuki shingoni mwa korongo

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua zikishika na kumbikumbi wakianza kutoka ardhini, anga letu linapata wageni. Mbayuwayu wenye mkia wa mkasi wanajaa juu ya mashamba. Mwewe wanazunguka bila kupiga mabawa. Wengi wao wametoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na watarudi mwezi wa tatu au wa nne. Aina moja ya mwewe, anayekula viluwiluwi vya nyigu, anazaliana Ulaya lakini sehemu nzuri ya maisha yake anaishi katika misitu ya Afrika, ya Kongo ikiwamo. Ukiuliza ni ndege wa wapi, sijui nani angestahili kumpa pasipoti.

Wazungu wenyewe walichelewa kuelewa safari hii. Kwa karne nyingi baadhi ya wasomi wao waliamini kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji wakati wa baridi. Halafu mwaka wa 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mkuki wa mti, wenye urefu wa sentimita kama 80, uliotengenezwa Afrika ya kati. Alikuwa ameruka nao hadi Ulaya. Korongo huyo bado amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Mwindaji wa Afrika, bila kujua, ndiye aliyewapa ushahidi.

Kwa mkulima, korongo si pambo. Anakula panzi, nzige na viwavi, na kundi moja likitua shambani linafanya kazi ambayo dawa ya dukani inafanya kwa pesa.

Kwa nini mtambo na ndege hugombania mahali pamoja

Ndege mdogo kama mbayuwayu hupiga mabawa njia nzima. Korongo, tai na mwewe wakubwa hawawezi. Ni wazito mno. Wao hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini au upepo unaogonga mlima na kupanda juu, wanauzungukia kama ngazi, kisha wanateleza hadi ngazi nyingine. Juu ya maji mengi ngazi hiyo haipo, kwa hiyo wanakwepa bahari na kubanana kwenye njia nyembamba za nchi kavu.

Njia kubwa upande wetu wa dunia inapita Uturuki, Israeli na Palestina, Misri kwenye ghuba ya Suez, kisha inashuka kufuata bonde la ufa na mto Nile. Inakadiriwa kwamba ndege wakubwa zaidi ya milioni 1.5, wa aina 37, huipita kila mwaka. Ni ya pili duniani kwa ndege wa namna hiyo.

Sasa, mhandisi wa umeme wa upepo anatafuta nini? Kingo za milima, mabonde yanayobana hewa, mahali ambapo upepo haukosi. Ni pale pale.

Ukiutazama mtambo kwa mbali unaona mapanga yanazunguka polepole, kama mtu anayepunga mkono. Ni uongo wa macho. Mitambo ya ziwa Turkana ina duara la mita 52, na ncha ya panga inaweza kufikia kilomita 250 hivi kwa saa. Tumbusi, tai wala mizoga, wana tatizo la ziada: macho yao yameumbwa kuangalia chini na pembeni. Wakiinamisha kichwa kutafuta mzoga, hawaoni kilicho mbele yao.

Mtu atasema: paka wanaua ndege wengi kuliko mitambo. Ni kweli, na vioo vya maghorofa pia. Ila paka haui tumbusi. Mbayuwayu wakipotea, wanaweza kulea vifaranga wanne au watano, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tumbusi hutaga yai moja, na hachukui mwenzi wa kuzaa naye kabla ya miaka kadhaa kupita. Ukiua wakubwa kumi katika eneo moja, pengo lake halizibiki upesi.

Popo nao hufa, hasa usiku. Kwetu jambo hilo si dogo: mamilioni ya popo wala matunda hukusanyika Kasanka, Zambia, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, na waliofungwa vifaa vya setelaiti walionekana wakirudi Kongo. Ndio wanaopanda mbegu za misitu yetu, bila kulipwa.

Kenya: mitambo mitatu, matokeo matatu

Turkana kuna mitambo 365, megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Ni kiwanda kikubwa sana kwa kipimo chochote cha Afrika. Upepo hapo ni wa ajabu, unabanwa kati ya milima na kutoka kwa nguvu karibu mwaka mzima. Lakini mwezi wa kumi 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi, eka 150,000, zilitolewa bila kufuata sheria. Wafugaji wa hapo ndio waliofungua kesi.

Kinangop, kaskazini mwa Nairobi, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mradi wa megawati 60 na zaidi ulikataliwa na wakulima waliogopa kupoteza mashamba, zikatokea fujo, na mwaka wa 2016 ukafutwa. Nyanda hizo za majani ni makao ya ndege mdogo wa manjano asiyepatikana nje ya Kenya, ambaye tayari yuko hatarini. Aliokoka, si kwa sababu mtu alimkumbuka, bali kwa sababu watu waligombania ardhi.

Wa tatu ni Kipeto, huko Kajiado, na ndio ninaoutaka watu wa Fizi waujue. Mitambo 60, megawati 100, ilianza kuuza umeme mwaka wa 2021. Eneo hilo hupitiwa na aina mbili za tumbusi ambao tangu 2015 wamewekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Badala ya kukataa umeme au kukataa tumbusi, waliweka watu. Vijana wa hapo hapo wamefunzwa kutambua ndege, wanakaa kwenye vilima na darubini, na tumbusi akikaribia wanatoa taarifa, mtambo ule mmoja unasimamishwa mpaka apite. Mizoga ya mifugo inaondolewa karibu na mitambo ili tumbusi wasivutwe. Na jamii imepewa hisa ya asilimia 5.

Je, kusimamisha mtambo hakumalizi faida? Huko Tarifa, kusini mwa Hispania, ambako ndege hukusanyika kuvuka bahari kwenda Moroko, njia hiyo ilijaribiwa katika mashamba 13 ya upepo. Vifo vya tai wala mizoga vilipungua kwa nusu. Umeme uliopotea kwa mwaka mzima haukufika hata asilimia 0.1. Norway walipaka rangi nyeusi panga moja kati ya matatu kwenye mitambo minne, na vifo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa mitambo minne ni michache mno kuifanya kanuni.

Hayo yote ni dawa za baadaye, na dawa ya kwanza ni kuchagua kilima. Mtambo uliosogezwa kilomita chache kabla ya kujengwa hauhitaji mlinzi wa darubini kwa miaka 25.

Waya kabla ya panga

Hapa ndipo habari inatuhusu hata kama hakuna eoliene itakayofika Fizi kamwe. Umeme wowote, wa maji, wa jua au wa upepo, husafiri kwa nyaya. Na nyaya zinaua.

Karibu na Port Sudan kulikuwa na laini ya umeme isiyozidi kilomita 31 hivi, iliyojengwa miaka ya 1950. Tumbusi wa Misri waliokuwa safarini walitua juu ya nguzo zake kupumzika, bawa moja likagusa waya na mwili ukagusa chuma, wakafa kwa kupigwa na umeme. Iliendelea hivyo kwa miaka mingi, mpaka laini ilipozimwa mwaka wa 2014. Kosa lilikuwa la umbo la nguzo. Kutenganisha nyaya zaidi na kuzifunika kwenye kichwa cha nguzo ni kazi rahisi wakati wa kujenga, na ghali baadaye.

Kwa hiyo siku Baraka itakapovutiwa laini, iwe kutoka mto upi, umbo la nguzo ni swali halali la kumuuliza mhandisi. Tumbusi akiunguza laini, mji pia unabaki gizani.

Sheria ipo. Ile ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari kabla ya mradi mkubwa, na raia kusikilizwa kabla ya kibali. Kongo pia ni mwanachama wa mkataba wa Bonn wa kulinda wanyama wanaohama. Shida ni kwamba utafiti wa siku kumi uliofanywa mwezi wa saba hauwezi kumwona ndege anayepita mwezi wa kumi. Utasema eneo ni tupu, na kwa wiki hiyo utakuwa umesema kweli. Wazee wa Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja wakiletewa karatasi kusaini, wangalie kwanza tarehe za utafiti: kama haukugusa miezi ya kumi na kumi na moja, na ya tatu na ya nne, urudishwe.

Kuna pia vilima ambavyo, kwa maoni yangu, havifai kuwekwa mezani hata kidogo. Itombwe, Ngandja na Kabobo ni hifadhi, na mlima Kabobo una ndege mdogo wa kijivu asiyepatikana penginepo duniani. Alielezwa kisayansi mwaka wa 1955 na Alexandre Prigogine, aliyefanya kazi katika migodi ya Kivu na kukusanya ndege. Ndugu yake Ilya alipata Tuzo ya Nobel.

Kuhesabu hakuhitaji kusubiri kampuni. Watu wawili, daftari na darubini moja kwenye kilima cha Fizi-centre, asubuhi saa tatu hadi saa nane mchana wakati hewa ya moto inapanda, siku chache kila wiki kuanzia mwezi wa kumi. Shule yenye mwalimu wa biolojia inaweza kuanza. Daftari la miaka mitatu litakuwa na uzito mbele ya kampuni yoyote.

Na ukimkuta korongo au mwewe aliyekufa mwenye pete mguuni, usiifanye kishaufu. Imeandikwa nambari na kituo kilichoifunga. Nakili maandishi yote, tarehe na jina la kijiji, upeleke kwa watu wa ICCN walio karibu nawe.