Saa ya Mnara: Jinsi Inavyohesabu Wakati

Mjini Garissa, kando ya Mto Tana, mchunga ngamia hutazama jua akajua saa. Mahali hapo pako karibu na Ikweta, na nyakati za macheo hazipishani zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu ya Kiswahili, ianzayo jua linapochomoza, yafaa sana. Lakini siku ya mawingu jua hufichika, na usiku halipo. Ndiyo maana miji mingi ilijenga minara ya saa.

Mnara mmoja mashuhuri ulikuwa Unguja, katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Mnara wa kwanza, uliosimama mbele ya jumba, uliharibiwa kwa mizinga ya manowari za Kiingereza mwaka 1896. Baadaye mnara mwingine ulijengwa, ukiunganishwa na jumba lenyewe.

Je, saa za minara za zamani ziliendeshwa na nini? Uzito mkubwa wa chuma huning'inia kwa waya uliozungushwa katika pipa. Uzito ukishuka, pipa huzunguka, nalo huzungusha magurudumu yenye meno, hata akrabu, yaani mishale ya saa. Pasipo kizuizi uzito ungeporomoka mara moja. Kizuizi hicho ni kipande cha chuma chenye umbo la nanga, kilichounganishwa na pendulamu, yaani fimbo ndefu yenye uzito chini. Kila pendulamu ibembeapo, nanga huachilia jino moja na kushika jingine. Nalo jino huisukuma nanga kidogo, pendulamu isipate kusimama.

Pendulamu ya urefu wa karibu mita moja huenda upande mmoja kwa sekunde moja, yaani mara 3,600 kwa saa. Joto hurefusha chuma: fimbo ya chuma ikipata nyuzi 10 zaidi, saa huchelewa kama sekunde 5 kwa siku.

Basi mtambo haujui wakati; waweza kuhesabu tu. Lazima mtu apande, aupandishe uzito, na kuisahihisha saa. Akisahau, mji mzima hupotezwa. Na jengo nalo lataka kutunzwa: tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafa.