Aliyetuchimbia Kaburi

Mwezi wa Julai tulipanda Nyeri kwa mwaliko wa ndugu zetu Waislamu wa huko, tusomeshe siku chache kisha tuendelee Karatina na Nanyuki. Baridi ya mji ule haisimuliki kwa mtu wa pwani. Mlima Kenya wenyewe hatukuuona siku tatu kwa ukungu. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, vijana wa mwenyeji wetu waliweka filamu, wakasema: "Sheikh, hii ni ya Waislamu wenzetu, itakufaa."

Ilikuwa filamu ya Kisomali, Guled na Nasra, ijulikanayo pia kwa jina la Mke wa Mchimba Kaburi. Aliyeitunga na kuiongoza ni Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Ufini akiwa kijana, na mwaka 2021 ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Guled, mkaazi wa Djibouti, huketi na wenzake nje ya hospitali, mabeleshi mkononi, wakingoja maiti ili wapate ujira wa kuzika. Mkewe Nasra anaugua figo, na upasuaji wataka dola 5,000. Basi mwenye kula kwa mauti ya watu anahangaika mauti yasiingie nyumbani mwake, hata akashika njia kwa miguu kurudi kijijini kuwaomba jamaa aliowaacha.

Tusifiche: hatukuipenda. Watu hutembea, huketi, hunyamaza. Tulisinzia kabla ya mwisho, tukawaambia vijana kwamba mauti twayasoma vitabuni kila siku, hatuna haja ya kuonyeshwa.

Asubuhi yake zikaja habari za msiba. Amefariki kibarua mmoja, mgeni mjini, asiye na jamaa karibu. Waliofika makaburini hawakutimia kumi na watano, na kaburi lilikuwa halijachimbwa. Mwenyeji wetu akavua koti, akashika jembe. Tukapokezana, hata zamu yetu ikafika. Udongo wa Nyeri ni mwekundu na mzito, na ukilowa hauliachii jembe. Kwa zaidi ya miaka thelathini tumesimama juu ya makaburi tukisoma talakini; siku ile ndiyo mara yetu ya kwanza kuchimba mwanandani kwa mikono yetu. Viganja vikatoka malengelenge. Kazi ile haina maneno wala haraka. Mtu huinua udongo, hupumzika, huinua tena. Ndipo tulipotambua mwendo wa filamu tuliyoilaumu ulitoka wapi.

Usiku tuliomba turudishiwe filamu. Mara hii hatukusinzia. Tulimwona Guled anavyomtazama mkewe, mahaba ya nyumba isiyo na kitu. Tukaona pia swali lililotuchoma: aliyewafukia wafu wa mji mzima, akipatwa na shida angali hai, nani atamshika mkono? Mwisho wake hatuusemi. Atakayeitazama na ajionee.

Kuzika ni fardhi kifaya: wakifanya baadhi, waliobaki huvuliwa dhambi. Hapo ndipo wengi wetu tulipojificha. Tumevuliwa dhambi ya kutozika, lakini nani alitupa ruhusa ya kuwasahau waliozika kwa niaba yetu? Huko huko Nyeri liko kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyezikwa mwaka 1941, na wageni hulizuru kutoka nchi nyingi. Tulipelekwa kuliona. Tukasoma jina lililo juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tukajiuliza ni nani aliyelichimba.

Tulipoteremka Mombasa, Ijumaa iliyofuata tulikwenda makaburini bila jeneza. Yuko mzee ambaye ametuchimbia tangu tukiwa vijana; amewachimbia wazazi wetu wote wawili. Tulimjua kwa lakabu tu. Alipotuona aliinuka, akauliza: "Maiti ni mwanamume au mwanamke, Sheikh?" Tukamwambia hakuna maiti, tumekuja kumjulia hali. Akacheka, akatutajia jina lake. Kisha akaketi, akatueleza kwamba mkewe hajainuka kitandani tangu Ramadhani, na kwamba hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Ndugu wasomaji, kila mtaa una mzee kama huyu. Wiki hii, kabla hamjamhitaji, nendeni mkamuulize jina lake na hali ya nyumbani kwake.