Neno Hutangulia Rungu

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua Wakenya zaidi ya 1,100. Rungu lilitanguliwa na neno: katika Bonde la Ufa majirani waliitwa "madoadoa", na doa hufutwa.

Januari 2008 waumini wa Kanisa la Marafiki walikutana mjini Kakamega, wakaanzisha kazi ya upatanisho. Katika semina zao za kuepukana na jeuri, ambazo mtindo wake ulianzia gerezani New York mwaka 1975, kila mshiriki hujichagulia jina la sifa njema, na kwa jina hilo huitwa.

Huo si mchezo. Mwalimu wa Shianda, katika kaunti hiyo hiyo, na azingatie: majina ya kubezana huanzia darasani. Akiyanyamazia leo, kesho yatashika panga.