UPS ya wodini inapozidiwa mzigo

Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mzigo ukaelemea mitambo mingine ya kituo, nayo ikazidiwa na kujizima. Zaidi ya megawati 180 zilipotea na nchi nzima ikaingia gizani.

Kila umeme unapokatika hivyo, wasomaji wanaouguza jamaa zao nyumbani kwa mashine za oksijeni huuliza kama UPS ya dukani, kifaa cha betri kinachoshika mzigo umeme unapokatika, inatosha. Nitawajibu. Lakini kuna swali kubwa zaidi ambalo hata wakuu wa hospitali hawaulizi: UPS yenyewe ikipata hitilafu, au ikitwishwa mzigo kuliko uwezo wake, mgonjwa anabaki na nini?

Kwanza tuondoe uzushi mmoja, kwamba hospitali yenye jenereta kubwa haihitaji UPS. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na kutulia. Viwango vya kimataifa vya umeme wa hospitali vinaruhusu sekunde 15 kwa huduma nyingi za dharura, lakini taa ya meza ya upasuaji inatakiwa irudi ndani ya nusu sekunde. Jenereta ya dizeli iliyokuwa imezimwa haiwezi hilo.

UPS inayofaa ICU na vyumba vya upasuaji hufanya kazi saa zote. Hupokea umeme wa gridi, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu mahali ambapo betri zimeungwa, kisha inveta huurudisha kuwa mkondo geu uliosafishwa. Gridi ikikatika, inveta huendelea kuvuta kutoka kwenye betri bila pengo lolote.

Hapo wauzaji wengi huishia, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Tuseme waya wa mashine moja umechubuka na kupiga shoti. Breka ya laini hiyo inahitaji mkondo mkubwa, mara kadhaa ya ule wa kawaida, ili ikate papo hapo. Gridi ina nguvu ya kuutoa. Inveta haina: transista zake zingeungua, kwa hiyo hujibana kwenye mara mbili au tatu ya kiwango chake. Breka haikati, volti inaporomoka, na shoti ya waya mmoja inaweza kuangusha mashine za wodi nzima.

Wabunifu walitatua hili kwa njia ya pembeni. Ndani ya UPS kuna swichi ya thairista, isiyo na kitu kinachosogea, ambayo kwa milisekunde chache huhamishia mzigo wote kwenye gridi moja kwa moja. Gridi inasukuma mkondo mkubwa, breka ya laini mbovu inakata, kisha mzigo unarudi kwa inveta. Imezimika mashine moja tu. Ili hilo liwezekane, inveta lazima ifuate mawimbi ya gridi kila sekunde ya maisha yake, yakipanda ipande, yakishuka ishuke. Jenereta mbovu yenye masafa yanayoyumba huvunja ulinganifu huo, na UPS hukataa kuhama. Na shoti ikitokea wakati umeme umekatika, njia ya pembeni ni tupu. UPS hujizima ili isiungue. Ndiyo maana kila laini ya wodi inatakiwa iwe na breka ndogo yenye kasi.

Mzigo ukizidi bila shoti, UPS huvumilia kwa muda. Nyingi hubeba asilimia 125 kwa dakika 10 hivi, na asilimia 150 kwa dakika moja au pungufu, kisha hukimbilia njia ya pembeni. Taa zinawaka, mashine zinazunguka, kila mtu anatulia, kumbe mgonjwa anategemea gridi peke yake: ikikatika, betri hazitamsaidia. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye soketi ya UPS linaweza kuleta hali hiyo. King'ora cha UPS hulia kuonya hali kama hii, na fundi anayekikata waya "kwa sababu kinasumbua wagonjwa" asiruhusiwe kukanyaga hospitali tena.

Mafundi wanaotoboa betri zisizofunguliwa na kumimina maji au chumvi "kuzifufua" ni hatari vilevile. Betri huzeeka kwa joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Ya miaka 5, ikikaa kwenye chumba cha nyuzi 35 Dar es Salaam, itakupa miwili na nusu. Tena zimeungwa mfululizo, hivyo moja ikikatika ndani, mstari wote umekufa. Taa ya kijani haitakuonyesha hilo. Kipimo ni kuzipa mzigo halisi.

Matengenezo yana swichi yake ya mkono inayoitenga UPS huku wodi ikilishwa na gridi. Mzigo huhamishwa kwanza kwenye thairista, ndipo swichi ifungwe. Ukiifunga swichi hiyo wakati inveta bado inalisha, unagonganisha vyanzo viwili. Feni na kapasita nazo zina umri. Zibadilishwe kabla hazijafa.

Sasa nyumbani. Soma wati, si VA: UPS ya VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 tu. Mashine ya oksijeni ya lita 5 huvuta takriban wati 350, lakini kompresa yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, na UPS ndogo ya kompyuta hujizima palepale. Usiiongezee betri ya gari. Chaja na feni yake havikutengenezwa kwa kazi ya saa nzima. Nunua UPS yenye wimbi safi la sine na uwezo wa ziada wa kutosha, ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani huku mtungi wa oksijeni wa akiba ukiwa tayari kitandani, na mtungi huo usiuondoe hata ikifaulu.